Kutu Kwenye Mabomba ya Maji: Tuijue Kabla Haijatuharibia Mradi

Kikundi kimoja cha maji, ambacho hatutakitaja jina, kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya tundu dogo kama punje ya mahindi.

Kikundi hicho kilikuwa kimeleta maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi kijijini. Wanachama walichimba mtaro wenyewe, kila nyumba sehemu yake, na mabomba ya chuma yakanunuliwa kwa pesa za harambee. Maji yalitiririka miaka kumi na moja bila shida kubwa. Halafu kiangazi kimoja mifereji ikakauka. Walipofuata njia ya bomba wakakuta maji yanaruka juu bondeni, karibu na shamba la mzee mmoja ambaye siku zote alikataa kulipa ada. Maneno yakaanza. Ati ametoboa bomba ili anyweshe ng'ombe wake! Wengine wakataka apelekwe kwa chifu siku hiyo hiyo.

Fundi aliyeitwa alikata kipande kilichoharibika, akakipangusa, akamkabidhi mwenyekiti.

"Mama Mwenyekiti, hebu tia kidole ndani. Unasikia nini?"

"Nasikia shimo. Na ni pana huku ndani kuliko huko nje."

"Basi, mama. Mtu akitoboa kwa msumari, chuma hujipinda kuingia ndani, na tundu huwa pana kwa nje. Hili limeliwa kutoka ndani. Hakuna mtu aliyetoboa. Hii ni kutu, na haikuanza jana."

Mzee yule aliponea chupuchupu. Na kikundi kilijifunza jambo ambalo vikundi vingi hujifunza kwa hasara: bomba halipasuki siku moja. Siku tunayoona maji yakiruka ni siku ya mwisho ya kazi iliyofanywa gizani kwa miaka mingi. Katika makala hii tutaeleza kutu ni nini, hupenda kuanzia wapi, tutaijuaje mapema, na kamati ifanye nini. Tunaomba muisome pamoja kwenye mkutano, maana shida hii si ya fundi peke yake.

KUTU NI NINI HASA?

Chuma huchimbwa ardhini kikiwa mawe, nayo mawe hayo huyeyushwa kwa moto mkali sana ndipo chuma hupatikana. Kutu ni chuma kinapojaribu kurudi katika hali yake ya zamani. Hata wekundu wa udongo wa sehemu nyingi za milimani hapa Kenya unatokana na chuma kilichoungana na hewa. Kwa hiyo tukizika bomba la chuma ardhini tusishangae kuona linataka kuwa udongo tena.

Ili kutu ifanyike panahitajika vitu viwili pamoja na chuma: maji na hewa. Jembe lililowekwa juu darini pakavu halishiki kutu. Lililosahauliwa nje kwenye umande hushika. Ukiongeza chumvi, au maji yenye asidi, kazi huenda mbio zaidi. Ndiyo sababu panga la mtu wa Pwani huharibika upesi kuliko la ndugu yake wa bara.

Mabomba mengi ya chuma tunayonunua yamepakwa metali nyingine iitwayo zinki. Ni ile ile inayong'aa kwenye mabati mapya. Zinki ni mlinzi wa ajabu, kwa sababu hukubali kuliwa yeye kwanza. Ndiyo maana bati likikwaruzwa kidogo halioti kutu mara moja; zinki iliyo karibu hujitoa kulinda mahali pale palipo wazi. Lakini mlinzi huyu ana mwisho. Zinki ikisha, zamu ya chuma imefika.

Tena kutu hufura. Chuma kidogo kikiliwa huacha kutu nyingi kuliko kile chuma chenyewe. Ndani ya bomba hutokea vinundu kama chunjua, na njia ya maji huzidi kuwa nyembamba. Bomba laweza kuwa zima kabisa kwa nje, halivuji hata tone, na bado maji yamepungua nusu.

KWA NINI BOMBA HUOZA MAHALI PAMOJA TU?

Watu wengi hufikiri hivi: bomba lina unene wa milimita 3 hivi. Kama kutu inakula sehemu moja ya kumi ya milimita kila mwaka, basi tuna miaka 30. Hesabu ni sahihi, lakini kutu haifuati hesabu hiyo. Haili kama nzige wanaomaliza shamba zima kwa pamoja. Hula kama fuko, ambaye huchagua mahali pake akachimba hapo hapo. Bomba la mita mia tano laweza kuwa zima lote isipokuwa mahali padogo kama ukucha, na hapo ndipo mradi wote hufia.

Mahali inapopenda kuanzia ni hapa:

1. Kwenye maungio. Fundi akikata yale meno ya kuungia bomba, yale wanayoita thredi, anaondoa zinki yote mahali hapo, na anapunguza unene wa chuma. Kwa hiyo sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo pia isiyo na mlinzi. Angalieni mabomba yenu: mara nyingi michirizi ya kwanza ya rangi ya kahawia huonekana kwenye maungio.

2. Pale metali mbili tofauti zinapogusana. Je, umewahi kuacha betri kuukuu ndani ya tochi mpaka ikavuja? Ganda la betri ya kawaida ni zinki, nalo huliwa kadiri tochi inavyotumika. Jambo hilo hilo hutokea pale valvu ya shaba inapoungwa moja kwa moja na bomba la chuma huku maji yakipita. Hiyo ni betri ndogo ambayo haizimwi usiku wala mchana. Shaba hubaki salama, chuma ndicho kinacholiwa. Na jambo ambalo mafundi wengi huona bila kujua sababu: kipande kipya kikiungwa katikati ya bomba la zamani, mara nyingi kipya ndicho huharibika mapema. Chuma kipya na chuma kilichokwisha kuvaa kutu ni kama metali mbili, na kipya ndicho hulipa. Msimlaumu fundi haraka.

3. Bomba linapopita katika udongo wa namna mbalimbali. Bomba likitoka kwenye mchanga mkavu likaingia kwenye udongo mzito wa mfinyanzi wenye maji, sehemu iliyo kwenye tope, ambako hewa ni kidogo, ndiyo huliwa zaidi. Hatari zaidi ni udongo wa boma la ng'ombe, kandokando ya choo, ardhi ya chumvi, na mahali mlipofukia mtaro kwa majivu na masalio ya makaa.

4. Mahali maji yanaposimama na matope kutulia. Chini ya matope kuna vijidudu vidogo visivyohitaji hewa, navyo husaidia kazi ya kutu. Ukifungua bomba kama hilo pengine utasikia harufu ya mayai viza. Mahali pa namna hii ni bondeni, yaani sehemu ya chini kabisa ya njia ya bomba.

Sasa angalieni bahati mbaya ya bonde. Kila mita 10 ambazo maji yanashuka huongeza mkandamizo wa karibu kilo moja juu ya kila eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole. Tanki likiwa mita 60 juu ya bonde, na mifereji imefungwa, bomba la bondeni hubeba kilo sita kwenye kila ukucha. Yaani pale pale ambapo tope na kutu vinapenda kukaa, ndipo maji yanasukuma kwa nguvu zaidi. Kumbe si ajabu bomba la kile kikundi kupasukia pale bondeni.

MAJI YENYEWE JE?

Maji si sawa yote. Mengine huuma chuma, mengine hukilinda. Wataalamu hupima ukali huo kwa namba iitwayo pH. Namba 7 ni ya katikati. Chini ya 7 maji yana asidi, juu ya 7 hayana. Kwa visima na mabomba kuna mpaka mmoja unaofaa kukumbukwa na kila kamati: maji yakiwa chini ya 6.5, bomba la chuma lililopakwa zinki halifai. Litaoza upesi, na pesa zenu zitaoza pamoja nalo.

Kipimo cha kwanza kipo jikoni mwako. Angalia ndani ya birika au sufuria ya kuchemshia maji. Kama kuna ukoko mweupe mgumu, maji yenu ni magumu, na mara nyingi ukoko mwembamba kama huo hufunika bomba kwa ndani ukalikinga kiasi. Kama sufuria imekaa miaka na haina ukoko wowote, maji ni laini. Maji laini ya chemchemi za milimani ni matamu na sabuni hutoa povu upesi, lakini hayalipi bomba kinga yoyote. Maji ya chumvi nayo huharakisha kutu, hata yakiwa magumu.

Jikoni hapatoshi, lakini. Kabla hamjanunua mabomba, ombeni ofisi ya maji ya kaunti au fundi anayechimba kisima awapimie pH. Upimaji ufanywe pale pale kisimani au kwenye chemchemi. Maji ya ardhini hubeba hewa ya kaboni inayotoroka kama ile ya soda iliyofunguliwa, na ikishatoroka asidi hupungua. Ukipeleka chupa mjini kesho yake, unaweza kuambiwa maji ni mazuri kumbe sivyo.

MFANO WA KWALE

Jambo hili lilifahamika sana miaka ya 1980, wakati visima vingi vya pampu za mkono vilipochimbwa Afrika. Pampu moja iliyotumika kwingi ni ile ya India Mark II, ambayo bomba lake la kupandisha maji ni la chuma kilichopakwa zinki. Kwenye maji yenye asidi mabomba hayo yaliharibika upesi. Lakini kabla pampu haijafa, watu waliikimbia. Maji yalitoka mekundu, yakachafua nguo nyeupe, yakaharibu rangi na ladha ya chakula. Akina mama wakarudi mtoni kwenye maji machafu, ilhali kisima kipo.

Hapa Kenya, huko Kwale, kuanzia mwaka 1983 vijiji vilishiriki katika kujaribu pampu mpya. Kazi hiyo ya Kenya na Malawi ndiyo iliyoleta pampu ya Afridev, ambayo leo inajulikana nchi nyingi. Bomba lake la kupandisha maji ni la plastiki, na ilibuniwa ili wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, waweze kuifungua na kubadilisha vipuri. Somo la Kwale si kwamba kila mtu anunue pampu ya aina hiyo. Somo ni kwamba maji yaulizwe kwanza, ndipo bomba lichaguliwe.

TUTAIJUAJE KUTU MAPEMA?

Huhitaji mashine. Kuna vipimo vinne ambavyo kikundi chochote chaweza kufanya.

Kipimo cha asubuhi. Kabla mtu yeyote hajateka, chota maji ya kwanza kwenye chupa safi ya kioo. Endelea kuteka mitungi kumi au zaidi, kisha chota chupa ya pili. Ziache zitulie, uzilinganishe. Kama ya kwanza ni nyekundu na ya pili ni safi, wekundu unatoka kwenye bomba: maji yamelala usiku kucha yakila chuma. Kama zote mbili ni nyekundu sawasawa, huenda chuma kimo ndani ya maji tangu ardhini, na kubadilisha bomba hakutasaidia. Vikundi vimetupa pesa nyingi kwa kutojua tofauti hii. Chai pia ni shahidi: maji yenye chuma kingi huifanya chai iwe nyeusi vibaya hata ukizidisha maziwa.

Kipimo cha mtungi. Kila mwezi, siku moja na saa moja, jaza mtungi wa lita 20 kwenye mfereji ule ule na uhesabu dakika kwa saa. Andika kwenye daftari. Kama mwaka jana ulijaa kwa dakika moja na leo ni dakika mbili, na maji ya chemchemi hayajapungua, basi ama njia imeziba kwa kutu na matope, ama kuna mahali panapovuja.

Kipimo cha tanki. Jioni moja fungeni mifereji yote na pia maji yanayoingia tankini. Pimeni kina kwa kijiti, mrudi alfajiri. Tanki la mviringo lenye upana wa mita 2 likishuka sentimita 10, mmepoteza lita 314 hivi, yaani karibu mitungi 16 kwa usiku mmoja. Tundu lipo, ama kwenye bomba ama kwenye tanki lenyewe.

Kutembea njia. Wakati wa kiangazi watu wawili wafuate njia yote ya bomba. Watafute nyasi mbichi mahali ambapo kila kitu kimekauka, tope lisilo na sababu, maungio yenye michirizi ya kahawia, na mahali mvua ilipofukua bomba.

Je, tundu dogo lina ubaya gani kama maji bado yanafika? Lina ubaya. Maji yakiwa na nguvu hutoka nje. Lakini maji yakikatika, bomba hubaki na utupu, na tundu lile lile hufyonza maji ya nje kuingia ndani. Kama nje kuna boma au choo, fikirieni wenyewe watoto watakunywa nini mfereji ukifunguliwa tena. Kutu yenyewe kwenye maji huchukiza zaidi kuliko kudhuru, lakini mlango inaoufungua ndio wa kuogopwa.

HATA WENYE MABOMBA MAKUBWA HUSHINDWA WAKILALA

Msifikiri shida hii ni ya wanakijiji tu. Mwezi wa Machi mwaka 2006, katika eneo la mafuta la Prudhoe Bay huko Alaska, Marekani, bomba kubwa la mafuta ghafi lilivuja zaidi ya lita 750,000 juu ya theluji. Tundu lilikuwa dogo sana. Kutu ilikula kutoka ndani, mahali pa chini ambapo mafuta yalienda polepole na matope kutulia. Bomba hilo lilikuwa limekaa miaka mingi bila kusafishwa ndani. Mitambo ya kugundua uvujaji haikusaidia. Ni mfanyakazi mmoja aliyesikia harufu ya mafuta. Mmeona? Bonde, matope, na kutosafisha. Sawa na kikundi chetu cha mlimani.

Wenye mabomba ya mafuta wana desturi nne za kupambana na kutu. Hulivika bomba koti zito kwa nje. Hulipitishia umeme kidogo au kulifungia vipande vya metali inayojitoa, kama zinki inavyofanya. Hupitisha ndani kifaa ambacho wenyewe hukiita nguruwe, nacho husukumwa na mafuta kikisafisha na kupima unene wa chuma. Na huweka watu wa kutembea njia. Umeme na nguruwe hatutaviweza, lakini koti, usafishaji na kutembea njia tunaviweza bila taabu.

Neno moja kwa walio karibu na bomba la mafuta la kutoka Mombasa kwenda Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978. Wenzetu wa bonde la mto Thange, Makueni, waliona mwaka 2015 jinsi mafuta yaliyovuja yanavyoweza kuharibu mto na mashamba. Tena mjini Guadalajara, nchini Mexico, tarehe 22 Aprili 1992, mitaa ililipuka na watu zaidi ya 200 wakafa baada ya petroli kuvuja ikaingia kwenye mifereji ya maji taka. Uchunguzi ulitaja bomba la maji lililowekwa karibu mno na bomba la petroli, na kwenye udongo wenye unyevu kutu ikatoboa la petroli. Watu walikuwa wamelalamika juu ya harufu siku kadhaa kabla. Kwa hiyo msichimbe mtaro wa maji karibu na alama za bomba la mafuta kabla ya kuuliza wenyewe. Na mkisikia harufu ya petroli, ondokeni, msiwashe moto, mtoe habari, wala mtu asichote. Tunakumbuka Sinai, Nairobi, Septemba 2011, ambako zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

KAMATI IFANYE NINI?

Wakati wa kujenga:

- Pimeni pH kwanza. Chini ya 6.5, tumieni plastiki kila inapowezekana.
- Plastiki haishiki kutu, lakini jua huiharibu na jembe huikata. Ifukieni futi mbili hadi tatu. Penye mwamba, au pa kuvuka kijito, tumieni chuma.
- Bomba la chuma linapotoka ardhini au kwenye saruji, hapo mpakani hushambuliwa sana. Pakeni lami juu na chini ya mpaka huo.
- Kila ungio lenye thredi lipakwe rangi ya kuzuia kutu au lami baada ya kukazwa, kisha lizungushiwe utepe wa plastiki.
- Kati ya valvu ya shaba na bomba la chuma, wekeni kipande cha plastiki ili ile betri ikatike.
- Epukeni boma na choo. Fukieni kwa udongo safi au mchanga. Majivu, hapana.
- Kila bonde liwe na valvu ya kusafishia. Ni gharama ndogo mkilinganisha na kufukua mtaro.

Baada ya kujenga:

- Kila mwezi: kipimo cha mtungi, na kuandika.
- Kila miezi mitatu: kufungua valvu za bondeni mpaka maji yatoke safi, kipimo cha asubuhi, kipimo cha tanki.
- Kila kiangazi: kutembea njia yote, na kupaka upya lami palipobanduka.
- Kila bomba linapokatwa kwa matengenezo: tieni kidole ndani. Andikeni mahali, tarehe, na kama shimo limetoka ndani au nje. Likitoka ndani, tatizo ni maji au matope. Likitoka nje, tatizo ni udongo. Mkipata matundu matatu sehemu moja, acheni kubandika viraka, badilisheni sehemu yote.

Daftari hilo ni mali ya kikundi, wala si la fundi. Fundi anaweza kuhamia mjini. Daftari likibaki, atakayekuja ataanzia pale mwenzake alipoachia.

NA PESA?

Hapa ndipo miradi mingi huanguka. Bomba jipya halina shida, kwa hiyo wanachama huona ada ya matengenezo ni ya bure. Miaka inapita, mfuko ni mtupu, na bomba linapasuka mwezi ule ule ambao hakuna mtu aliyevuna. Tufanye hesabu ndogo. Nyumba 40 zikitoa shilingi 50 kila mwezi, ni shilingi 2,000. Kwa mwaka ni shilingi 24,000. Kwa miaka mitano bila kuguswa ni shilingi 120,000. Mweka hazina aulize dukani bei ya bomba moja la mita 6, pamoja na maungio yake, asomee mkutano ni mabomba mangapi pesa hizo zinaweza kununua. Mtu akiona mabomba badala ya shilingi, huelewa upesi. Na bei iulizwe kila mwaka, maana hupanda.

Turudi kwa kile kikundi chetu. Kamati ilimwendea mzee yule nyumbani kwake kumwomba radhi. Haikuwa rahisi, kwa sababu maneno yalikuwa yameshasemwa mbele za watu. Walibadilisha mabomba manne pale bondeni, wakaweka valvu ya kusafishia ambayo haikuwepo tangu mwanzo. Kile kipande kilichotoboka hawakukitupa. Kipo ndani ya sanduku la daftari, na mwanachama mpya akiuliza kwa nini anatozwa pesa za matengenezo ilhali maji yanatoka, Mama Mwenyekiti humpa akitie kidole ndani.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Mabomba yetu yana umri gani, nayo ni ya namna gani? Ni nani anayejua njia yake yote, na je, kuna ramani?
2. Maji yetu yalipimwa pH lini? Sufuria zetu zina ukoko au hazina?
3. Bonde letu la chini kabisa ni lipi? Lina valvu ya kusafishia? Ilifunguliwa lini mara ya mwisho?
4. Mtungi hujaa kwa dakika ngapi leo? Nani ataandika mwezi ujao?
5. Bomba likipasuka kesho, tuna pesa za kununua mabomba mangapi?
6. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa jambo ambalo hatukulichunguza?